Msumari wa Baba

Fundi alishika kamba ya kuwashia msumeno wa mashine, akauliza mara ya mwisho. "Humu mtini hamna chuma? Mwenzangu aligonga msumari, mnyororo ukamrukia usoni. Sasa ana jicho moja."

"Msumari upo," nikasema. "Marehemu baba alinipima urefu hapa nilipokuwa na miaka mitatu, akaupigilia usawa wa utosi wangu."

Kaka akacheka. Alitaka mti utoke apate kuongeza chumba. "Kobe, hiyo ni miaka ishirini. Mti umekua, msumari umepaa nao. Saa hizi uko juu na ndege. Kata, fundi."

Mimi si mtu wa kubishana. Lakini nyuma ya nyumba kuna mti mwingine, nimeanika nguo kwenye waya wake tangu niko mdogo. Matawi yameshapita paa, ila waya haujapanda hata kidole. Umezama tu ndani ya gome. Mti hurefuka kwenye ncha; huku chini hunenepa.

Nikausogelea ule wa fundi. Nikapapasa usawa wa kiuno changu, taratibu, mpaka nikagusa kovu dogo lililofumba kama mdomo. Lilikuwa palepale kwenye alama ya chaki aliyochora fundi pa kukatia.

Fundi akachonga kwa shoka. Ndani mti ulikuwa mweusi kama uliomwagikiwa wino, na katikati pana kutu.

Akaweka msumeno chini. "Na wewe mkubwa, hukupimwa? Au uliokotwa?"

 Kaka alikuwa ameshaweka kiganja kwenye gome, juu kidogo ya msumari wangu, anatafuta wake.