Mbuzi Aliyezuia Dunia Isipimwe

Fimbo ilikuwa imeanguka tena, na dunia ikabaki bila kupimwa.

"Ni yule mbuzi wangu," alisema Mama Beatha, mikono kiunoni. "Nimegeuka kidogo tu kukoroga mtori, keshafika."

Mwalimu Wilson aliitazama fimbo yake iliyolala uwanjani, akatikisa kichwa kwa huzuni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Saa saba kasorobo, wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, ilikuwa imeshapita.

"Basi, mpaka kesho," alisema. Na kwa kuwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulikuwa tayari, akakaa.

Mwalimu Wilson alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na mkewe alikuwa amefariki. Binti yake, Hellen, alimwandalia chumba chenye feni kwake Dar es Salaam, kwa sababu mzee hawezi kuishi peke yake huku kijijini Kilema. Mwalimu hakubisha. Aliomba jambo moja tu: kabla ya kuhama, apime dunia kama alivyoipima Eratosthenes, yule Mgiriki wa kale.

"Bwana yule hakuizunguka dunia," alimweleza Hellen kwenye simu. "Alisikia tu kwamba kusini kuna mji ambako siku moja kila mwaka jua la mchana humulika mpaka chini kisimani. Siku hiyohiyo, kwao Aleksandria, fimbo ilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akachukua umbali wa miji miwili, akapata mzingo wa dunia nzima. Kwa fimbo, Hellen!"

"Sasa baba, hiyo ni kazi ya siku ngapi?"

"Mchana mmoja. Nikimaliza tu, naondoka."

Mwalimu Wilson hakuwahi kuvunja neno lake, kwa hiyo Hellen akakubali.

Rafiki yake wa zamani, Stanley, aliyekuwa Tunduru, kusini kabisa, alikubali kusimamisha fimbo ya pili. Shida ilikuwa Kilema. Migomba ya Mwalimu ilikuwa imesongamana kiasi kwamba jua halikufika chini. Uwanja pekee ulio wazi ulikuwa wa jirani yake mjane, Mama Beatha, pale anapoanika kahawa.

Siku ya kwanza mbuzi aliiangusha fimbo. Siku ya pili aliiangusha tena. Mwalimu akaanza kumkatia majani, kila siku mzigo mmoja, ili ashibe atulie. Mama Beatha aliyapokea majani mwenyewe, akayapeleka bandani nyuma ya nyumba. Mbuzi hakuwa na shukrani hata kidogo. Februari ikaisha, na kule Tunduru Stanley akaanza kutopokea simu.

Hellen alifika Jumamosi, bila taarifa. Alikuwa amepitia soko la Kiboriloni akanunua kamba nene ya katani ya kumfungia yule mbuzi, na aliwakuta baba yake na Mama Beatha kwenye benchi moja, kila mtu na bakuli lake. Fimbo ilikuwa imesimama wima, ikisubiri saa yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Beatha. "Karibu mtori."

"Mtori baadaye, mama. Hebu niambie, tangu lini mbuzi wa huku wanazurura? Mimi nimekulia hapahapa. Mbuzi wote wanafungiwa, wanakatiwa majani."

"Huyu nilimnunua mnadani Tarakea," alijibu Mama Beatha bila kupepesa macho. "Hajazoea mambo ya huku."

"Ana pembe," aliongeza Mwalimu, macho yamezama bakulini. "Ndefu."

Hellen hakucheka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira ile kulikuwa na hofu. Kila alipokaa kula Dar es Salaam alimfikiria baba yake mbele ya sahani moja, au ameanguka bafuni na hakuna wa kumwinua. Alikuwa amechoka kuogopa.

"Leo namfunga mwenyewe," alisema. "Baba, utapima leo. Kesho asubuhi tuko kwenye basi."

Mwalimu aliweka kijiko chini. Mama Beatha alianza kukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Anauma," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Mbuzi hang'ati watu, mama."

Hellen alizunguka nyuma ya nyumba na kamba yake, akavuta mlango wa banda.

Ndani kulikuwa na majani. Mizigo ilikuwa imepangwa vizuri, mmoja juu ya mwingine, mpaka karibu na paa. Ya chini yalikuwa yamekauka yakawa ya kahawia, na ya juu, ya asubuhi ile, yalikuwa bado na umande. Hakuna aliyekuwa ameyagusa. Hapakuwa na mbuzi, wala kinyesi cha mbuzi, wala harufu yake.

Akalikumbuka lile benchi moja na mabakuli mawili. Kisha akafunga mlango taratibu, akaitundika kamba kwenye msumari, akarudi uwanjani. Wale wawili hawakuthubutu kumtazama.

Alipopita karibu na fimbo, Hellen aliipiga teke, ikaanguka.

"Amekata kamba," alisema, akasogea kwenye benchi na kuomba bakuli.