Kopo Chini ya Kitanda

Bi Mashavu alilikuta kopo chini ya kitanda cha mwanawe, limefunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu. Akamngoja Zamda, mke wa mwanawe, aingie na bakuli la uji.

"Dawa gani hii unamlisha mwanangu?"

Kitandani, Shomari alikuwa amelala, mguu wake ulioungua umeachwa wazi.

"Ni dagaa, mama. Nimewatwanga."

"Si nilikataza samaki? Kidonda kitatunga usaha!"

"Nesi kasema nyama mpya hujengwa kwa asidi amino zilizomo kwenye samaki, kama nyumba kwa matofali. Nyingine mwili hauwezi kujitengenezea, mpaka tuzile. Uji mtupu hautoshi. Nilijua utakataa, ndiyo maana nikaficha."

"Mwenye nia njema hafichi. Kula wewe kwanza."

Zamda alibwia kijiko kizima cha unga mkavu. Bi Mashavu alimkazia macho kooni mpaka akameza, kisha yeye mwenyewe akauinamia mguu wa mwanawe. Pembeni mwa kidonda, palipokuwa peusi, palikuwa na ukingo wa nyama changa, nyekundu kama ufizi wa mtoto.

Hakuomba radhi. Akalikumbatia kopo.

"Kuanzia leo uji nitampikia mimi."

Jioni mchi ulisikika jikoni, mlango umefungwa kwa ndani. Bi Mashavu alipotokea na bakuli, alimkuta Zamda amesimama kizingitini, kijiko mkononi.

"Onja wewe kwanza, mama."

Mvuke wa uji ukapanda kati ya nyuso zao.