Kilo Hamsini

Nesi alichomoa jiwe la kwanza kwenye mfuko wa koti, akaliweka mezani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili, akatoa jingine, kubwa zaidi.

"Vua na koti, mama," akasema. "Halafu rudi kwenye mizani."

Mwanamke akavua. Mshale ukarudi nyuma, ukasimama pale ulipostahili. Nesi hakugomba. Alimweleza kwa upole kwamba asiyefika kilo hamsini hatolewi damu. Wakimtoa yeye, ataanguka palepale, na badala ya mgonjwa mmoja watakuwa na wawili.

"Ni mwanangu," mwanamke akasema.

"Najua, mama. Tunaendelea kutafuta kwingine."

Binti alikuwa amelazwa wodi ya juu. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuongezewa damu kila mara, tangu utotoni, na kundi lake lilikuwa la watu wachache. Siku zote damu ilipatikana kwenye akiba ya hospitali. Siku ile akiba ilikuwa tupu. Mjomba wake alipimwa, kundi halikulingana. La mama yake lililingana barabara. Ila mama mtu ndiye huyo, mwembamba hadi kazini wakamwita Njiti.

Haikupita muda mrefu, Njiti akaenda kwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa mwalimu wa mazoezi, mwenye chumba kimoja cha vyuma nyuma ya duka la rangi. Alimkuta anafuta benchi kwa tambara.

"Nataka kunenepa," Njiti akasema. "Damu yangu ikubalike."

Kaka akaacha kufuta. Alimtazama sana. Mwishowe akamuuliza kama amekula. Alikuwa hajala.

Basi akamfundisha. Alimwambia soda na vya kukaanga vingemjaza tumbo tu bila kumpa nguvu. Ale mara nyingi, kidogo kidogo: mayai, maharage, maziwa, karanga, na mboga za majani kwa ajili ya damu. Alale mapema. Na anyanyue vyuma, ili chakula kigeuke misuli, kisiishie kuwa kitambi. Siku ya kwanza alinyanyua fimbo tupu ya chuma, na hiyo tu ikamtetemesha mikono hadi mabegani.

Njiti alikula kama mtu anayejaza gunia. Hakusikia chumvi wala utamu. Alfajiri alipika uji kwenye sufuria ndogo, akachemsha mayai, akayala yote yeye, amesimama, macho ukutani. Alitafuna, akameza, akaosha sahani, akaenda kazini.

Alikuwa mfuaji katika kiwanda kidogo cha kufulia mashuka ya nyumba za wageni. Msimamizi wao walimwita Bibi Wanga, kwa ajili ya wanga aliotia kwenye mashuka, wala si ule mwingine, ingawa alipokasirika wafanyakazi waliingiwa na mashaka. Bibi Wanga alizoea kumruhusu Njiti aondoke mapema, awahi muda wa kutazama wagonjwa. Sasa Njiti hakuomba tena ruhusa. Alibaki mpaka mashine ya mwisho izimwe, na Bibi Wanga hakumuuliza kitu. Alimwekea tu kikombe cha maziwa karibu na pasi, akaenda zake.

Wenzake ndio waliosemezana pembeni. Mashavu yamejaa, sketi imeanza kumbana, na kapu la mashuka mabichi lililokuwa likibebwa na watu wawili sasa analiinua peke yake. Mmoja akasema amepata mwanamume. Mwingine akataka kujua kama huyo mwanamume ana kaka. Njiti aliwasikia. Hakucheka wala hakuudhika. Maneno yalimpitia kama mvuke wa pasi.

Kuna wakati mafua yalimlaza, na alipoamka mizani ilikuwa imerudi nyuma. Akaanza upya. Kaka yake alimsihi apumzike kidogo.

"Dada, hakuna anayekukimbiza."

"Nihesabie," akasema, akashika chuma.

Uzito ulipofika, na kuzidi kidogo, kaka alipiga kofi moja la furaha, kisha mikono ikabaki hewani. Akajitolea kumsindikiza hospitali. Njiti akakataa.

Nesi wa zamu alikuwa mwingine, msichana mwenye kalamu sikioni. Alimpima uzito, akampima presha, akamchoma kidole, akaridhika na kila kitu. Akamlaza kitandani, akamfunga mpira juu ya kiwiko, na alipogusa mkono akashangaa.

"Mshipa kama kamba, mama. Umejitunza." Akachomoa kalamu sikioni. "Unamtolea nani? Nipe jina la mgonjwa na wodi."

"Mpe yeyote."

"Kwani huna mgonjwa wako hapa?"

Njiti alikuwa anatazama dari.

"Nilikuwa naye," akasema. "Alifariki jioni ile mliponirudisha."