Kapiteni Amerudi kwa Mama Hawa

Mgeni alitia mkono katika sahani ya kambale, na Kassimu akaacha kutafuna.

Katika ukoo wao hakuna aliyekula kambale tangu enzi za babu. Hata watoto walijua. Kassimu mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe Amisa ampike samaki huyo na kumweka mbele ya mgeni bila neno. Sasa mgeni alikuwa akinyonya mifupa.

"Mama, unasikia harufu hii?" Kassimu aliuliza. "Yaya Iliasi anakula mwiko."

Mama Hawa aligeuza uso. Macho yake yalikuwa na ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti.

"Mwiko nilimufungulia mimi, siku ya kwenda jeshi. Kwenye meli mutu anakula chenye kiko. Acha mwenzako ashibe."

Iliasi, kaka yake mkubwa, aliondoka Kasongo wakati Kassimu akiwa bado mtoto, akarudi mara moja tu, kumzika baba yao. Habari zake nyingine zilikuja kwa simu: yuko Banana, mahali mto unapoingia baharini, yuko Kalemie, anaamuru mashua za ziwani, amekuwa kapiteni, na askari wanasimama akipita. Kwa pesa alizotuma, nyumba ya matofali ilijengwa karibu na soko. Kassimu alikaa humo na mkewe na watoto.

Kisha simu ikanyamaza. Miaka ikapita. Majirani walimshauri Mama Hawa aweke matanga.

"Bado hajaja mutu wa kuniambia," alijibu kila mara.

Aliyekuja ni huyu, na mfuko mmoja na ndevu nyeupe, amepakiwa kwenye pikipiki ya Baraka, kijana wa mtaa abebaye abiria.

"Nimewaletea amirali!" Baraka alipiga kelele. "Bahari ilishindwa naye, lakini barabara ya Kabambare imemuweza. Ametapika tangu Wamaza!"

Mgeni alipiga magoti mlangoni. "Mama, ni mimi Iliasi."

Kama alikuwa Iliasi kweli, nyumba ya matofali ilikuwa yake, na Kassimu alipaswa kuhama. Mtaa mzima ulilijua hilo. Kwa hiyo kila Kassimu alipofungua kinywa, watu walicheka.

"Hauogopi mutu huyu," Baraka alimwambia. "Unaogopa mvua."

Kassimu alimwita Blaise, fundi wa moteri za mashua aliyefanya kazi zamani katika bandari ya Kalemie. Blaise aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mgeni alijibu yote. Alieleza jinsi maji ya mto yanavyosukuma rangi ya udongo mbali ndani ya bahari. Alieleza upepo wa ziwa unaoamka bila kubisha hodi. Alieleza pia miaka ya Kinshasa, katika ofisi ambamo kapiteni hakuwa na maji mengine ila yale ya glasi, na jinsi alivyoomba arudishwe ziwani.

"Huyu ameona maji, ndugu yangu," Blaise alisema. "Hawezi kudanganya hivi."

"Uliza ya moto," mgeni alisema, akiwa amechangamka. "Moteri iliposhika moto mbele ya Kalemie, wote tuliruka. Kapiteni alikataa kuruka mpaka mutu wa mwisho..." Alikohoa. "Yaani mimi. Mimi nilikataa."

Kassimu alimkazia macho Blaise, lakini Blaise alikuwa akitafuta sukari.

Mama Hawa aliacha kuchambua mchele.

"Rudilia hapo, baba," alisema polepole. "Pa moto."

Mgeni alisema amechoka.

Kulikuwa na mengine. Mgeni aliamka kabla ya watu wote, akachemsha chai, akampelekea kila mtu kikombe chake na kusimama kando mpaka anywe. Asubuhi moja Amisa alimkuta akipiga pasi shati la Kassimu, kola kwanza, kisha mikono.

"Kapiteni gani anapigia mutu pasi?" Kassimu alimnong'oneza mama yake. "Mama, huyu haiko yaya. Unataka mutoto mpaka unakamata mutu wa njiani."

"Bahari imemufundisha adabu. Wewe nani alikufundisha?"

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Asumani, ndugu ya marehemu baba yao, aliita familia uani kwa Mama Hawa. Kassimu alisema yote: kambale, pasi, moto. Aliona watu wanapima paa lake, si maneno yake.

"Kama ni mwongo," Mzee Asumani alisema, "vijana watamutoa leo, na asionekane tena Kasongo. Lakini aliyezaa ndiye anajua. Hawa, sema."

Mama Hawa alimwita mgeni karibu. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akapapasa paji la uso, masikio, kisogo. Alikawia. Mgeni alifumba macho.

"Ni wangu," alisema. "Atalala humu kwangu. Kassimu abaki kwenye matofali, asihamishe hata sahani. Sasa muende. Niacheni naye."

Walikwenda. Kassimu alikuwa wa mwisho. Alipita bila kuaga.

Mama Hawa alisikiliza mpaka nyayo zikaisha barabarani. Akarudisha mlango wa ua, akatia komeo, akampapasia mgeni kiti.

"Mama," mgeni alisema, akilia, "Mungu akulipe."

"Wangekufukuza kabla hujaniambia kitu," alijibu. "Kaa, baba. Mwanangu mulimuzika wapi?"