Chembe Iliyomfuata Tumwitike

Kila asubuhi mashine kuu ilikokotoa safari za chembe kali zitokazo kwenye nyota za mbali, na redio ya ukutani ikatangaza zitakapopita, ili watu wapishe. Aliyepitiwa na chembe hakuumia. Alisahau watu wake tu.

"Saa nne na robo, kitanda cha mtoto," redio ilisema.

Tumwitike alimnyakua bintiye Lusekelo, akakimbilia sebuleni.

"Hesabu imebadilika. Sebuleni."

Akatoka naye uani, mama mkwe akimfuata. Redio ikasikika dirishani: "Uani."

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "kitu kilichoanza safari kabla ya watu kuwepo kimejuaje mnakokwenda?"

"Mama, mshike."

Alimkabidhi mtoto, akatembea peke yake hadi kwenye mashamba ya chai.

"Kwenye chai," redio ikasikika kwa mbali kutoka nyumbani.

Ni yeye, basi, si mtoto. Tumwitike alishusha pumzi, akazidi kwenda mbele, akilitaja jina la Lusekelo kila hatua.

Saa nne na robo ilipopita, alirudi taratibu akamkuta mama mmoja uani, analia, amepakata mtoto.

"Shikamoo, mama," alisema kwa adabu. "Mtoto wenu mzuri. Anaitwa nani?"