Kura ya Malkia Sumbi

Sheria ilikuwa moja: mhusika wa katuni akifa, mtu aliyemwazima sauti naye huzimwa ya kwake. Bi Mwanakheri alikuwa jikoni akikanda unga, huku akiwasikiliza binti yake Tunu na rafiki yake Salha wakibishana sebuleni. Katuni mbili walizozipenda zilikuwa zinakutanishwa katika kitabu kimoja cha vibonzo, na mashabiki walitakiwa kupiga kura nani afe mwishoni.

“Afe Malkia Sumbi,” alisema Tunu. “Asipokufa yeye, hadithi haina chumvi.”

“Lakini Sumbi si sauti ya mama yako?”

“Mama mwenyewe ana lipi la kusema? Kula, oga, kalale.”

Bi Mwanakheri aliacha kukanda. Akalitamka jina la mwanawe polepole, kama anayelionja, kisha akarudi kwenye unga wake.

Jumamosi kitabu kilitoka. Alimkuta Tunu amekikumbatia, analia kwa kwikwi. Akafungua kinywa ambembeleze, hakikutoka kitu. Akamshika bega.

“Niache, mama,” alisema Tunu bila kuinua uso. “Wewe huwezi kujua nilivyompenda.”