Ramani Chini ya Muhuri

"Mheshimiwa, mshtakiwa akiuona ushahidi huu, usalama wa taifa utakuwa mashakani," alisema wakili wa serikali.

Jaji alifungua bahasha mezani kwake ofisini, mbele ya wakili huyo tu.

Ndani mlikuwa na karatasi moja: ramani ya mpaka, yenye mito na madaraja. Ndiyo iliyomweka fundi redio mmoja rumande miezi minane, kwa madai kwamba aliipeleka nchi jirani.

Muhuri wa SIRI ulikuwa umepigwa muda si mrefu. Wino ulimwachia jaji doa jekundu kidoleni. Akaisogeza karatasi dirishani ili asome maandishi madogo yaliyofunikwa na muhuri.

Zoezi la nne. Taja mito mitatu.

"Wakili, una watoto?"

"Wawili, mheshimiwa. Mkubwa yuko darasa la tano."

"Umewahi kufungua begi lake la shule?"

Wakili akasogea, akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena.

"Ramani kama hii hii nilimsaidia mwanangu kuichora Jumapili," alisema taratibu.

Jaji akamwita karani.

"Yule mama yake mshtakiwa, anayeshinda kwenye benchi la nje kila kesi hii ikitajwa, yupo?"

"Yupo, mheshimiwa."

"Mwambie leo hataondoka peke yake."